Walikimbia usiku mmoja, mmoja akakataliwa: nchi huamuaje nani ni mkimbizi?

*Swali: Mdogo wangu na rafiki yake walitoroka vita usiku mmoja, wakapita njia moja, wakaomba hifadhi katika nchi moja ya Ulaya. Rafiki yake amepewa hadhi ya ukimbizi, mdogo wangu amekataliwa. Kinachoniuma mimi dada yake ni kwamba yeye ndiye aliyepoteza kila kitu: nyumba na duka vilichomwa baada ya kukataa kuwaandikia waasi majina ya vijana wa mtaa wetu. Mwenzake hakupoteza hata kijiko. Alikuwa tu mwanachama wa chama cha upinzani, na serikali iliwahi kumweka ndani siku tatu. Hilo la majina mdogo wangu hakulisema kwenye mahojiano, anasema hakuulizwa. Nchi hizi hupima kwa mizani gani? Na kukataliwa maana yake wameona amedanganya?*

Dada yangu, pole kwa mzigo huu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na ndani yake kuna jambo moja umelitaja haraka kama la kupita. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu huenda ndilo kesi yote ya mdogo wako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Kukataliwa si lazima kuwe na maana ya kuitwa mwongo. Nimesoma barua nyingi za kukataa ambazo afisa aliandika waziwazi kwamba anaamini kila alichosimuliwa, kisha aya mbili chini akafunga mlango. Tena kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kilichotolewa mwaka 1979 na kinachotumiwa na maafisa na mahakimu hadi leo, kinasema mtu huwa mkimbizi tangu pale anapotimiza masharti ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, nitakaoueleza hapa chini, hata kabla serikali yoyote haijamtambua. Uamuzi wa serikali haumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Unatangaza tu kwamba tayari ni mkimbizi. Kwa hiyo anayeamua anatafuta kutambua kitu kilichopo, na mwenye kazi ya kutambua anaweza kukosea. Ndiyo maana ngazi ya rufaa ipo.

Sasa mizani. Watu wengi hudhani serikali hupima maumivu, kwamba aliyepoteza zaidi atangulie, nami nilidhani hivyo nilipoanza kazi hii ya kuwaandaa waomba hifadhi kwa mahojiano. Sivyo sheria ilivyoandikwa. Afisa aliyeshika faili hahesabu hasara. Swali lake linatazama mbele: ukirudishwa kesho, kitakupata nini, mikononi mwa nani, kwa sababu gani, na je, yupo mwenye mamlaka atakayekukinga? Nyumba iliyochomwa ni ya jana. Inamsaidia mdogo wako pale tu inapotuambia kitu kuhusu kesho yake.

Maneno yenyewe yanatoka kwenye Mkataba wa Wakimbizi uliopitishwa Geneva tarehe 28 Julai 1951. Kwa mujibu wake, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya msingi ya kuandamwa na kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwa kwake mmoja wa kundi fulani la kijamii, au msimamo wake wa kisiasa, na ambaye nchi yake haiwezi kumlinda au yeye mwenyewe, kwa hofu hiyo, hathubutu kuomba ulinzi wake. Walioandika maneno hayo walikuwa wanaitazama Ulaya iliyotoka vitani. Hata tarehe waliiweka, kwamba Mkataba uhusu waliokimbia kutokana na matukio ya kabla ya 1 Januari 1951. Itifaki ya 1967, yaani makubaliano ya nyongeza kwenye Mkataba huo, iliuondoa ukomo huo, lakini sababu tano zilibaki tano. Vita haimo kwenye orodha. Njaa haimo. Umaskini haumo. Bomu linaloangukia mtaa mzima halimtafuti mtu kwa jina, na Mkataba wa 1951 unamlinda anayetafutwa.

Naijua hasira anayoipata mtu akilisikia hili kwa mara ya kwanza, na sitakutetea sheria kwa moyo mzima. Lakini ukitaka kumsaidia mdogo wako, maneno mawili ya kuyashika kuliko yote ni "kwa sababu". Kesi nyingi hufia hapo, hata zile za watu waliopitia makubwa.

Jaji mmoja wa Uingereza, Lord Hoffmann, aliyaeleza mwaka 1999 kwa mfano ambao huwa nausimulia kila mara. Fikiria muuza duka Myahudi katika Ujerumani ya Wanazi. Mshindani wake wa biashara anakodi wahuni, wanavunja duka na kumpiga. Nia ya mshindani ni wateja na pesa, wala hana habari na dini ya mtu. Je, huyu ameteswa kwa sababu ya asili yake? Ukitazama mkono uliopiga tu, utasema ni ugomvi wa sokoni. Lakini mshindani alithubutu kwa kuwa alijua polisi hawatamwinulia kidole, na polisi hawakuinua kidole kwa kuwa aliyepigwa ni Myahudi. Sababu imo ndani ya kunyimwa ulinzi. Kesi iliyokuwa mbele ya majaji siku hiyo ilikuwa ya wanawake wawili wa Pakistani waliosingiziwa uzinzi na waume zao. Majaji waliona kwamba wanawake katika nchi hiyo, kwa jinsi sheria na jamii zilivyowanyima ulinzi sawa, waliweza kuhesabiwa kuwa kundi la kijamii kwa maana ya Mkataba. Kipengele hicho cha kundi la kijamii ndicho kilichopanuka kuliko vyote. Mwaka 1996 bodi ya rufaa ya Marekani ilikitumia kumpa hifadhi msichana wa Togo aliyekimbia ukeketaji, na Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwanamke wa Afghanistan anaweza kutambuliwa kwa kuangalia jinsia yake na uraia wake tu, bila kulazimika kuonyesha yaliyompata yeye binafsi.

Rudi sasa kwa rafiki wa mdogo wako. Siku tatu za mahabusu ni chache, na huenda zenyewe zisingetosha kuitwa mateso. Lakini zinasema kwamba jina lake limo kwenye daftari la mtu, na limeandikwa humo kwa ajili ya chama chake. Sababu yake inaonekana bila kutafutwa: msimamo wa kisiasa. Mdogo wako alipoulizwa kwa nini alikimbia, nadhani alijibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye majonzi angejibu: "Vita. Walichoma nyumba yangu." Afisa akaandika: mwathirika wa machafuko ya jumla.

Kuhusu ukubwa wa hatari, hapa kuna habari njema ambayo waombaji wengi hawaijui. Hakuna anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakika atauawa. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya mwanamke wa Nikaragua ambaye kaka yake alikuwa amefungwa na kuteswa kwa sababu za kisiasa. Serikali ilitaka aonyeshe kwamba kuteswa kwake kuna uwezekano mkubwa kuliko kutoteswa. Mahakama ikakataa, ikaeleza kwamba hata nafasi moja kati ya kumi inaweza kutosha kuifanya hofu iwe ya msingi. Nchi nyingine zina maneno yao, lakini kwa hatari ya mbele wengi hukaa chini ya nusu kwa nusu. Na aliyekwisha kuteswa ana nguvu ya ziada. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema mateso yaliyopita ni dalili nzito kwamba hofu ina msingi, isipokuwa ziwepo sababu nzuri za kuamini hayatarudi.

Je, ni lazima mtesaji awe serikali? Hapana, na hili ni la muhimu kwenu kwa kuwa waliochoma ni waasi. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya bwana Ward, aliyekuwa mwanachama wa kundi la wapiganaji la Ayalandi. Aliamriwa kulinda mateka, akagundua watauawa, akawaachia watoroke. Kundi lake likamtesa na kumhukumu kifo. Mahakama ilisema mambo mawili yanayonukuliwa hadi leo: kwamba mtu anaweza kuwa mkimbizi hata kama anayemwandama si dola, ilimradi dola haiwezi kumlinda, na kwamba kitendo chenyewe kinaweza kuwa msimamo wa kisiasa, hata kama mtendaji hakuwahi kutamka neno la siasa. Tafadhali kumbuka hilo la pili.

Afisa pia atauliza kama mwombaji angeweza kuhamia sehemu nyingine ya nchi yake akaishi salama. Ni swali halali, ila lina mipaka. Sehemu hiyo iwe inafikika, iwe salama kweli, na mtu aweze kuishi huko maisha ya kawaida. Wala hawezi kuambiwa, "Rudi, ila jifiche." Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisikiliza kesi ya waumini wawili wa dhehebu la Ahmadiyya kutoka Pakistani walioomba hifadhi Ujerumani, ikasema mtu hawezi kutakiwa aache kuitekeleza dini yake ndipo awe salama.

Twende kwenye chumba cha mahojiano, kwa sababu sheria yote niliyoieleza hupitia kwenye mlango wa chumba kile.

Ni chumba kidogo. Meza, boksi la tishu, mkalimani amekaa pembeni, afisa anasikiliza huku anachapa. Mara nyingi hainui macho kwa kuwa mikono iko kwenye kibodi, na mwombaji hudhani anapuuzwa, basi naye anafupisha. Anaulizwa mambo ambayo yanamshangaza: mlango ulifungukia ndani au nje, wangapi waliingia, nani alitangulia kuongea, wewe ulikuwa umesimama wapi. Si umbea. Afisa hana mashahidi wala alama za vidole, na wengi huja bila hata kipande cha karatasi, hivyo anapima simulizi. Anaangalia kama inashikana yenyewe kwa yenyewe, kama inalingana na aliyoyasema mwombaji siku ya kujiandikisha, na kama inalingana na ripoti za hali ya nchi alikotoka. Ripoti hizo maafisa huzitegemea sana. Umoja wa Ulaya una wakala mzima wa masuala ya hifadhi ambao kuandaa taarifa za nchi za asili ni sehemu ya kazi yake.

Shida ni kwamba simulizi hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye karatasi. Kijana mmoja niliyekuwa nimekaa kando yake alieleza kwa Kiswahili kwamba walibisha hodi saa nane usiku. Mkalimani wa siku ya kwanza akaitafsiri namba kama alivyoisikia, "nane," na kwa saa ya Kizungu nane ya usiku ni ile sisi tunayoiita saa mbili, watu wengine hawajamaliza hata kula. Miezi kadhaa baadaye mkalimani mwingine akatafsiri sawasawa. Barua ya kukataa ikaja: mwombaji amejipinga kwa saa sita kuhusu tukio la msingi la madai yake. Saa sita hizo hazikutoka kinywani mwake. Tulipoomba sauti iliyorekodiwa, kosa lilionekana ndani ya dakika chache, lakini alikuwa ameishi na barua ile karibu mwaka mzima. Mama mwingine alisema "baba" ameuawa, na safari ya pili akasema "baba mdogo." Kwetu wote wawili ni baba. Kwenye faili ulikuwa uongo.

Na hata pasipo mkalimani, kumbukumbu haikai kama picha ukutani. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowahoji mara mbili wakimbizi kutoka Bosnia na Kosovo waliokuwa wanaishi Uingereza. Watu hawa walishapewa ruhusa ya kukaa, hawakuwa na la kupata kwa kudanganya. Bado simulizi zao za mara ya kwanza na ya pili zilitofautiana, hasa kwenye mambo madogo ya pembeni, na kwa wale waliokuwa na majeraha makubwa ya nafsi, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Kwa maneno mengine, anayehitaji hifadhi zaidi anaweza kuwa ndiye anayesimulia vibaya zaidi. Maafisa wazuri wanalijua hili. Mwongozo wa UNHCR unawaambia kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya wote wawili, mwombaji na mhoji, na kwamba mwombaji akiwa amejitahidi kwa moyo safi na maelezo yake yanaaminika kwa ujumla, shaka inayobaki imwendee yeye. Maafisa waliochoka, wenye foleni ya faili mezani, husahau. Nchi moja, sheria moja, maafisa wawili, na majibu yanaweza kutofautiana. Hilo linanikera kila siku, na sitaki nikuambie kwamba halipo.

Kuna ngazi ya pili ambayo ni lazima muulize kama iliangaliwa. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, asiyetimiza masharti ya ukimbizi anaweza kupewa hifadhi ya nyongeza kama kurudishwa kungemweka kwenye hatari ya kunyongwa, kuteswa, au kudhurika vibaya na vita isiyochagua raia. Mwaka 2009, katika kesi ya mume na mke kutoka Iraki walioomba hifadhi Uholanzi, mahakama ya Umoja iliweka kipimo chenye mantiki: kadiri mtu anavyoonyesha kwamba hali yake binafsi inamweka hatarini zaidi, ndivyo kiwango cha vita kinachohitajika kinavyopungua. Vita ikiwa kali kupita kiasi, kuwepo tu mahali pale kunatosha. Mume yule alikuwa amefanya kazi kwa kampuni ya Kiingereza na mjomba wake aliyefanya kazi hapohapo alikuwa ameuawa. Kwa hiyo hata kama vita haimo kwenye sababu tano, si kweli kwamba haina mahali kabisa.

Afrika iliona pengo hilo mapema. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 na kuanza kutumika 1974, unaikubali tafsiri ya Geneva kisha unaongeza: mkimbizi ni pia yule aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, kukaliwa na wageni, kutawaliwa na nchi ya kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Amerika ya Kilatini ilifuata njia hiyohiyo kwa Azimio la Cartagena la 1984. Chini ya maneno hayo mdogo wako na mwenzake wangesimama mstari mmoja. Na ndiyo yanayowezesha serikali kutambua umma kwa pamoja bila kumhoji kila mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya muda wa kama siku moja. Hakuna serikali duniani yenye maafisa wa kuketi na robo milioni ya watu, mmoja mmoja, kuwauliza mlango ulifungukia wapi. Unaangalia wanakotoka, unaona kinachoendelea huko, unafungua mpaka.

Lakini ndani ya umati ule walikuwemo pia walioua. Kwa hao Mkataba una kifungu kinachowafungia nje: aliyetenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, au uhalifu mzito usio wa kisiasa kabla hajaingia nchi ya hifadhi, hastahili hadhi hata kama hofu yake ni ya kweli. Kuwatenganisha na wengine ilikuwa kazi ngumu sana, na haikufanyika kama ilivyotakiwa.

Nani hasa huamua, inategemea nchi. Kwingi ni idara ya serikali, halafu bodi au mahakama ya rufaa. Nchi ambazo hazijaridhia Mkataba, kama Jordan, Lebanon na Malaysia, kazi hiyo imekuwa ikifanywa na UNHCR yenyewe. Na hata huko kwingine, jambo moja halibadiliki: mtu asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Wakati rufaa inasubiri, ulizeni kwa maandishi kama mdogo wako amekingwa asisafirishwe. Nchi nyingine kinga huja yenyewe, nyingine huombwa.

Sasa ile barua yake. Mwambie aisome na mtu anayeijua lugha ile vizuri, atafute aya yenye sababu hasa. Barua za kukataa zinafanana sura, lakini kila moja huvunjikia mahali pake. Kama wamesema hawamwamini, rufaa itapigania kumbukumbu za mahojiano: aombe nakala, na sauti kama ilirekodiwa, aisikilize neno kwa neno. Kama ana makovu, daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, anaweza kuandika kama yanalingana na anayosimulia. Kama wamesema anaweza kuhamia mji mwingine wa nchi yake, atahitaji taarifa za mji huo, nani anaushika na waasi wanafika wapi. Kama wamesema nchi nyingine aliyopitia ndiyo inayopaswa kumsikiliza, basi kesi yake haijaguswa bado, na hoja ni nyingine kabisa. Na kama wamesema, jambo ninalolishuku, kwamba wanamwamini lakini alichokikimbia hakihusiani na sababu tano, basi hapo ndipo jambo lile ulilolipitia haraka linapoingia.

Siku za kukata rufaa ni chache, wakati mwingine hazifiki wiki mbili, na huhesabiwa tangu alipopokea barua. Kwa hiyo mwanasheria wa msaada atafutwe leo. Mashirika yanayosaidia wakimbizi bila malipo yapo karibu kila nchi inayopokea.

Umeandika kwamba waasi walimtaka mdogo wako awaandikie majina ya vijana wa mtaa, akakataa, ndipo nyumba na duka vikachomwa. Dada yangu, huyu si mtu aliyeangukiwa na bomu. Huyu alifuatwa mlangoni kwake, akatakiwa achague upande, akakataa, akaadhibiwa kwa kukataa. Machoni pa waasi hakuna katikati: asiye nao ni wa adui. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema haijalishi kama mwombaji kweli ana msimamo huo wa kisiasa. Kinachotosha ni kwamba mtesaji anamhesabia kuwa nao. Mtu anaweza kuwa hajawahi kupiga kura maishani mwake, na bado akawa anasakwa kwa siasa aliyobebeshwa na wengine.

Kwamba hakulisema mwanzoni kutatiliwa shaka, hilo lazima mlijue. Jambo jipya kwenye rufaa hupokewa kwa jicho kali. Dawa yake ni kueleza kwa ukweli kwa nini halikusemwa. Hakuulizwa, na mhoji naye alikuwa na wajibu wa kuuliza. Au aliogopa kuwataja vijana ambao bado wako kule. Au aliona aibu. Au hakujua kama lina uzito, kama wewe ulivyoliandika katikati ya sentensi ya kulalamikia nyumba. Sababu yoyote iliyo ya kweli, iwe hiyo. Asiazime hadithi ya mtu mwingine, wala asiongeze chumvi hata punje. Nimeona kesi nzuri zikianguka kwa sababu ya nyongeza moja ya kununuliwa kambini, na baada ya hapo hata yaliyo ya kweli hayakusikilizwa tena.

Aketi mahali patulivu na daftari, aandike kwa lugha yake usiku ule tangu walipobisha hodi. Walikuwa wangapi. Walitaka majina gani, na kwa ajili ya nini. Alijibu nini, kwa maneno yaleyale. Kama kuna jirani aliyesikia na sasa yuko nje ya nchi, amtafute atoe maelezo yake. Na akifika pale moto ulipowashwa, aandike walikuwa wanamwita nani. Kama mmoja wao alisema "msaliti," au "mtu wa serikali," au neno lolote la namna hiyo, neno hilo liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa rufaa.